Sudoku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mbinu za Kuifumbua

Sudoku Nairobi hujazwa ndani ya matatu iliyokwama Thika Road, kwenye foleni ya benki, au jioni nyumbani gazeti likishasomwa na kila mtu. Wengi wanajua sheria: kila mstari, kila safu na kila boksi lipate nambari 1 hadi 9, bila kurudia. Wanachokosa ni njia ya kutoka pale kalamu inaposimama, na hapo ndipo majibu mengi ya ukurasa huu yalipo.

Kwanza tukubaliane maneno. Mstari ni ule unaolala kutoka kushoto kwenda kulia. Safu inasimama kutoka juu kwenda chini. Boksi ni mraba wa vyumba tisa uliozungushiwa wino mzito, na chumba ni nafasi ya nambari moja. M4S7 ni chumba cha mstari wa 4, safu ya 7. Maboksi yanahesabiwa kama tunavyosoma: 1, 2, 3 juu, 4, 5, 6 katikati, 7, 8, 9 chini. Mgombea ni nambari ambayo bado inaweza kuingia chumba fulani. Ni kama uchaguzini: wagombea wengi, kiti kimoja.

Lazima niwe hodari wa hesabu?

Hapana. Hakuna kujumlisha wala kuzidisha. Weka herufi A hadi I mahali pa nambari na fumbo litabaki lilelile. Kinachotakiwa ni macho makini na uwezo wa kusema "kwa sababu" kabla ya kuandika.

Nikishika gazeti nianzie wapi?

Anza na nambari iliyochapishwa mara nyingi zaidi. Kama 7 zimechapishwa tano, zimebaki nne tu za kutafuta, na kila moja kati ya zile tano imeshafunga mstari mzima, safu nzima na boksi zima. Kisha tazama maboksi matatu yaliyopangana kwa pamoja.

Tuseme kuna 7 kwenye M1S8 na nyingine kwenye M2S5. Boksi la 1 halina 7. Mstari wa 1 umefungwa, wa 2 pia, kwa hiyo 7 ya boksi la 1 itakaa mstari wa 3: M3S1, M3S2 au M3S3. Chumba M3S1 tayari kina 4. Chini kabisa kuna 7 kwenye M8S3, nayo inafunga safu ya 3 yote. Kimebaki M3S2. Andika 7.

Pitia nambari zote tisa namna hiyo, maboksi yaliyolala matatu matatu, halafu yaliyosimama matatu matatu. Ukimaliza duru ya kwanza, rudia, maana kila nambari uliyoandika inafunga mahali papya. Mafumbo mengi yanayoitwa "rahisi" huisha kwa mbinu hii pamoja na ile inayofuata hapa chini, bila kuandika mgombea hata mmoja.

Kuna tofauti gani kati ya "nambari yenye chumba kimoja" na "chumba chenye nambari moja"?

Ni maswali mawili tofauti, na anayeuliza moja tu hukwama mapema.

Swali la kwanza: "7 ya boksi hili itakaa wapi?" Ndiyo mbinu tuliyoona sasa hivi. Chumba kinaweza kuwa na wagombea watano, lakini kama 7 haina mahali pengine pa kwenda katika boksi, kiti ni chake.

Swali la pili: "Chumba hiki kinapokea nani?" Chukua M5S5. Mstari wa 5 una 1, 4 na 9. Safu ya 5 ina 2 na 7. Ndani ya boksi la 5 kuna 3, 6 na 8. Nambari nane zimekataliwa, imebaki 5. Jambo hili ni gumu kuonekana kwa sababu zile nane zimetawanyika pande tatu. Litafute kwenye vyumba ambavyo mstari, safu na boksi vyote vimejaa nusu au zaidi. Kupima vyumba vyote 81 kimoja kimoja ni kujichosha bure.

Niandike wagombea wote tangu mwanzo?

Tunashauri usifanye hivyo. Ukijaza kila chumba wagombea watano kabla ya kutafuta, ukurasa unakuwa kichaka na nambari za wazi zinapotea humo. Kuna mitindo miwili, na kila mmoja una wakati wake.

Mtindo wa kwanza unatajwa kwa jina la Thomas Snyder, Mmarekani aliyeshinda ubingwa wa dunia wa Sudoku mwaka 2007, 2008 na 2011. Unaandika mgombea kwa udogo pembeni mwa chumba pale tu nambari ina nafasi mbili ndani ya boksi. Zikiwa tatu au zaidi, huandiki kitu. Faida yake ni kubwa: moja kati ya nafasi hizo ikifungwa, unajua mara moja kwamba nambari inakwenda kwenye ile nyingine. Na ukiona 3 na 7 zote zimeandikwa katika vyumba viwili vilevile vya boksi moja, umeshapata jozi bila kuitafuta. Hakuna nambari nyingine itakayoingia vyumba hivyo viwili.

Mtindo wa pili ni kuandika wagombea wote wa kila chumba. Utumie huu pale mtindo wa kwanza unapogoma. Wapange kama vibonye vya simu ya kabambe: 1 juu kushoto, 5 katikati, 9 chini kulia. Ukizoea, hutasoma tena nambari. Utatambua mahali pake tu, na jozi mbili zinazofanana zitakurukia machoni.

Nimeandika wagombea vizuri, mbona bado wananipoteza?

Karibu kila mara ni kwa sababu hawakufutwa. Ukiandika nambari moja chumbani, inakataza nambari hiyo katika vyumba vingine 20: vinane vya mstari, vinane vya safu, na vinne vya boksi ambavyo havimo katika mstari wala safu hiyo. Watu hufuta kwenye mstari na safu, wakasahau vile vinne. Jizoeze mpangilio usiobadilika: mstari, safu, boksi, halafu ndipo utafute nambari nyingine. Mgombea mmoja asiyefutwa hukuficha jozi. Aliyefutwa kimakosa ni hatari zaidi, kwa sababu atakufanya uandike nambari ya uongo ukiwa na uhakika kabisa.

Nimekwama katikati. Nijaribu nini kwanza?

Kabla ya kukimbilia mbinu zenye majina makubwa, uliza kuhusu maboksi na mistari. Tuseme katika boksi la 4, nambari 9 inaweza kukaa M4S1 au M4S3 pekee. Hujui ni wapi hasa, lakini unajua itakuwa mstari wa 4. Basi 9 haiwezi kukaa kwingine kokote kwenye mstari wa 4 nje ya boksi hilo, ifute huko. Hoja hiyohiyo hufanya kazi kinyume: kama katika safu ya 7 nambari 2 ina nafasi ndani ya boksi la 3 tu, ifute 2 kwenye vyumba vingine vya boksi la 3. Watu wengi wanaijua ya kwanza na kuisahau hii ya pili.

Baada ya hapo tafuta jozi. Mfano huu ufuate kwa penseli. Mstari wa 6 una vyumba vitano vitupu, na nambari zinazokosekana ni 2, 5, 6, 8 na 9. Wagombea ni hawa:

M6S1: 2, 8
M6S4: 2, 5, 8
M6S5: 2, 8
M6S8: 5, 6, 9
M6S9: 6, 8, 9

Hakuna chumba chenye mgombea mmoja. Hakuna nambari yenye chumba kimoja. Ila M6S1 na M6S5 vina 2 na 8 tu, vyote viwili. Hujui nani atachukua ipi, lakini 2 na 8 zimeshapata wenyewe, kwa hiyo hazina nafasi mahali pengine katika mstari huu. Zifute. M6S4 kinabaki na 5 peke yake: andika. Sasa 5 inafutika M6S8, kinabaki 6 na 9. Na M6S9, kilichopoteza 8, nacho kimebaki 6 na 9. Jozi ya pili imezaliwa! Kwa kuwa M6S8 na M6S9 vyote viko boksi la 6, futa 6 na 9 katika vyumba vingine vyote vya boksi hilo. Hatua moja ndogo imesafisha mstari na boksi zima. Ndiyo maana tunawaambia watu wamalize kuzifuata jozi hadi mwisho kabla ya kutafuta mbinu nyingine.

Vyumba vitatu vinavyogawana nambari tatu vinafuata hoja ileile. Si lazima kila kimoja kiwe na zote tatu: 1-4, 4-6 na 1-6 ni utatu kamili.

Jozi iliyofichika ni ipi?

Ni nambari mbili zenye vyumba viwili tu, ila vyumba hivyo vimejaa wageni. Katika boksi la 9, tuseme 3 na 7 zinaweza kukaa M7S8 na M9S9 pekee. M7S8 kina wagombea 1, 3, 7, 8. M9S9 kina 3, 4, 7, 8. Kwa macho hakuna jozi hapo. Lakini 3 na 7 hazina pengine pa kwenda, hivyo zitavijaza vyumba vyote viwili. Futa 1, 4 na 8 humo. Kosa la kawaida ni kudhani 8, kwa sababu ipo kwote kuwili, nayo ni sehemu ya jambo hili. Si sehemu yake kama inaweza kukaa chumba kingine cha boksi.

Mbinu ya X-Wing inafanyaje kazi?

Shika nambari moja tu, kwa mfano 4. Katika mstari wa 2, 4 ina nafasi mbili pekee: S3 na S7. Katika mstari wa 8 nako ina nafasi mbili pekee, na ni safu zilezile, S3 na S7. Vyumba vinne hivyo vinachora mstatili. Kama 4 itakaa M2S3, basi mstari wa 8 utaipeleka S7. Kama itakaa M2S7, mstari wa 8 utaipeleka S3. Vyovyote iwavyo, safu ya 3 na safu ya 7 zitapata 4 zao ndani ya mistari hiyo miwili. Futa 4 kwenye vyumba vingine vyote vya safu ya 3 na ya 7.

Mambo mawili huiharibu. La kwanza ni kupuuza nafasi ya tatu: mstari wa 8 ukiwa na 4 kwenye S9 pia, hoja imekufa. La pili ni kufuta upande usiofaa. Ukiipata kwenye mistari, unafuta kwenye safu. Ukiipata kwenye safu, unafuta kwenye mistari.

Na XY-Wing?

Hii tunaipenda zaidi, kwa sababu hutokea mara nyingi kwenye mafumbo magumu na inahitaji vyumba vitatu tu, kila kimoja kikiwa na wagombea wawili. M2S2 kina 3 na 8. Hiki ndicho kiungo. M2S7 kina 3 na 5, nacho kinakutana na kiungo kwenye mstari wa 2. M3S1 kina 5 na 8, nacho kiko boksi moja na kiungo.

Kiungo kikiwa 3, M2S7 kinakuwa 5. Kikiwa 8, M3S1 kinakuwa 5. Lazima kimoja kati ya ncha hizo mbili kiwe 5, kwa hiyo chumba chochote kinachoonana na ncha zote mbili hakiwezi kuwa 5. Hapa ni M2S1, M2S3, M3S7, M3S8 na M3S9. Wengi hufuta viwili vya kwanza na kuacha vitatu vya boksi la 3, na mara nyingi ufunguo uko huko.

Kubahatisha kunaruhusiwa?

Hakuna wa kukukataza, lakini tunakusihi usikuzoee. Fumbo lililotengenezwa vizuri lina jibu moja linalofikiwa kwa hoja. Anayebahatisha akapatia hajui alichokosa kukiona, na kesho atakwama palepale.

Kama umekwisha jaribu yote, basi jaribu kwa utaratibu. Chagua chumba chenye wagombea wawili. Piga picha ya ukurasa kwa simu. Andika mmoja wao na ufuate matokeo, ukiziwekea nambari mpya nukta ndogo ili uzitambue. Ukigonga ukuta, yaani mstari wenye nambari mbili sawa au chumba kisicho na mgombea, umethibitisha kwamba yule mwingine ndiye wa kweli. Futa zote zenye nukta na umwandike. Kama hujagonga ukuta, na fumbo halijaisha, bado hujathibitisha chochote.

Nimefika mwisho nimepata 6 mbili kwenye safu moja. Nizibadilishane tu?

Usifanye hivyo. Kosa linaloonekana mwishoni karibu kila mara lilifanyika mapema, likazaa mengine. Linganisha kwanza na nambari zilizochapishwa, hasa kama ulinakili fumbo kwenye daftari. Pili, fuata 6 zote tisa na uulize kila moja: ninaweza kuitetea kutokana na nambari zilizochapishwa na zile nilizo na uhakika nazo? Usipolipata, futa kila kitu cha penseli uanze upya; duru ya pili huwa ya haraka kuliko ya kwanza. Aliyepiga picha kila baada ya nambari kumi hivi anarudi tu kwenye picha ya mwisho iliyo safi.

Kuna kipimo cha haraka pia: nambari 1 hadi 9 zikijumlishwa ni 45. Mstari uliojaa usiofika 45 au unaozidi una kosa. Ila 45 peke yake haihakikishi usahihi.

Nambari chache za kuanzia maana yake ni fumbo gumu?

Si lazima. Fumbo la nambari 24 linaweza kufunguka lote kwa kutazama maboksi, na la 30 likadai X-Wing. Ugumu unatokana na mbinu inayohitajika, si idadi. Kiwango cha chini kabisa kwa fumbo lenye jibu moja ni nambari 17. Gary McGuire na wenzake mjini Dublin walithibitisha mwaka 2012, kwa kutumia kompyuta, kwamba 16 hazitoshi kamwe. Kinachoshangaza zaidi ni upande wa pili: fumbo linaweza kuwa na nambari 77 na bado likawa na majibu mawili.

Linakuwaje na majibu mawili?

Vyumba vinne vilivyobaki vikichora mstatili katika mistari miwili, safu mbili na maboksi mawili, na vyote vikiwa na wagombea 4 na 6, unaweza kuzigeuza bila kuvunja sheria. Mtengenezaji makini haruhusu hali hiyo. Kwa hiyo ukiona vyumba vitatu vya mstatili wa namna hiyo vina 4-6, na cha nne kina 4, 6 na 9, cha nne lazima kiwe 9. Mbinu hii inategemea fumbo kuwa na jibu moja, hivyo usiitumie pale unaposhuku kosa la uchapaji.

Kuna namna ya kushuku. Hesabu aina za nambari zilizochapishwa. Zikikosekana aina mbili au zaidi, kwa mfano hakuna 2 wala 5 popote, fumbo haliwezi kuwa na jibu moja, maana 2 zote na 5 zote zinaweza kubadilishana nafasi.

Penseli gani, na karatasi au simu?

Karatasi ya gazeti ni laini. Penseli ya 2B huandika bila kukandamiza, ila huchafua ukiipitishia mkono. HB iliyochongwa vizuri inafaa kwa wagombea wadogo. Futa kwa raba laini, kwa upande mmoja, la sivyo karatasi itachanika. Ndani ya matatu weka gazeti juu ya kitabu kigumu na uache wagombea hadi gari lisimame. Programu za simu hukuwekea wagombea zenyewe, jambo zuri ukijifunza X-Wing, baya ukitaka jicho lako likomae. Na stima ikipotea, karatasi haiishiwi chaji.

Mtoto wa darasa la pili ataanzaje?

Mpe fumbo la 4 kwa 4, lenye maboksi ya vyumba vinne na nambari 1 hadi 4. Yapo mapangilio 288 tu ya namna hiyo yaliyojaa, kwa hiyo hatapotea. Kisha 6 kwa 6, halafu 9 kwa 9. Kila anapoandika muulize, "Umejuaje?" Asipoweza kujibu, mwambie afute, hata kama amepatia.

Sudoku ilitoka Japani?

Jina ndilo la Japani. Fumbo lenyewe lilichapishwa Marekani mwaka 1979 katika jarida la kampuni ya Dell, na anayetajwa kuwa mtungaji ni Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli, ya Maki Kaji, ililichapisha Japani kwa jina lenye maana kwamba kila nambari iwe kapera, likafupishwa kuwa Sudoku. Wayne Gould, aliyekuwa jaji Hong Kong, alitunga programu ya kuyatengeneza, na gazeti la The Times la London likaanza kuyachapisha tarehe 12 Novemba 2004. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Lucca, Italia, mwaka 2006.

Niongezeje kasi?

Usiruke huku na kule. Ukiandika nambari, baki hapohapo: uliza kama mstari, safu au boksi hilo limebakiwa na vyumba viwili au vitatu, umalize kwanza. Kisha fuata nambari hiyohiyo kwenye maboksi jirani, maana imefunga mistari mipya. Wanaochelewa huwa wanaiandika 7, wanaiacha, na dakika nne baadaye wanagundua kwamba ingewapa 7 nyingine mbili papo hapo.